Maadamu Msafara Haujafika



Mama mmoja wa Isevya, mjini Tabora, ametuandikia kuhusu kijana wake wa kidato cha tatu. Kijana huyo anajifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Java, akitumia simu ya baba yake nyakati za jioni. Ustadhi wa madrasa ya mtaani kwao alipopata habari hizo alimwomba awaandikie programu ya kutunza hesabu ya ada za wanafunzi. Mama ana hofu, na hofu yake ni ya haki. Fedha zile ni amana, zimetoka kwa wazazi ambao wengine huishi kwa kuuza karanga, na yeye mwenyewe hajui lolote kuhusu kompyuta. Anauliza atajuaje kama kazi ya mwanawe inaaminika. Kisha anaongeza, kama mtu aongezaye jambo dogo, kwamba wiki iliyopita programu ya kijana iliandika neno "Bagamoyo" kwenye kioo cha simu bila kukoma, mpaka ikabidi simu izimwe.

Nitaanza na hilo la mwisho, kwa kuwa anayelielewa atakuwa amepata sehemu kubwa ya jibu la swali la kwanza.

Kijana alikuwa akijaribu kuiagiza simu itaje vituo sita vya njia ya kale ya misafara, vile ambavyo mwaka 2006 Tanzania iliviwasilisha UNESCO viwekwe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa Kwihara ni wapi. Angeweza kuandika amri sita, moja kwa kila kituo. Lakini aliye na wanafunzi mia tatu hawezi kuandika amri mia tatu, na hata akiweza, mwanafunzi mmoja akihama ataanza kuhangaika upya. Kwa sababu hiyo kila lugha ya programu ina njia ya kusema: fanya kazi hii, kisha irudie. Njia hiyo ndiyo tunayoiita mzunguko.

Wazee wetu waliijua kazi ya namna hiyo kwa miguu yao. Alfajiri mizigo hujitwikwa, kirangozi hutangulia, watu hutembea mpaka jua linapokuwa kali, kambi hupigwa, posho hugawanywa. Kesho yake vivyo hivyo. Hakuna mkuu wa msafara aliyetoa maagizo mapya kwa kila siku kuanzia pwani hadi Unyanyembe. Maagizo yalikuwa ya siku moja, nayo yalirudiwa. Kilichobadilika kilikuwa mahali walipo, na kilichousimamisha msafara kilikuwa kufika.

Sasa tazama kijana alichopaswa kuandika. Usiogope alama zake:

String[] vituo = {"Bagamoyo", "Mamboya", "Mpwapwa", "Kilimatinde", "Kwihara", "Ujiji"};
int namba = 0;
while (namba < 6) {
    System.out.println(vituo[namba]);
    namba = namba + 1;
}

Mstari wa kwanza ni orodha ya vituo. Wa pili unatengeneza chombo kiitwacho namba na kukitia sifuri, kwa maana Java huanza kuhesabu nafasi za orodha kwa sifuri: Bagamoyo ni nafasi ya 0 na Ujiji ni nafasi ya 5. Neno while lisome "maadamu". Maadamu namba haijafika 6, taja kituo kilicho katika nafasi hiyo, kisha ongeza moja. Mabano ya mawimbi yanaonyesha mwanzo na mwisho wa kazi inayorudiwa.

Kijana aliusahau mstari unaoongeza moja, basi. Namba ilibaki sifuri, sifuri siku zote ni ndogo kuliko sita, na simu, ambayo haina uchovu wala haya, ikataja kituo cha kwanza, ikakitaja tena, na tena. Msafara wake haukuwahi kutoka Bagamoyo. Kila alfajiri walijitwika mizigo na kupiga kambi pale pale.

Mama yangu wa Isevya, hapo tayari umepata maswali matatu ambayo unaweza kumuuliza mwanao bila kuijua Java. Mzunguko huu unaanzia wapi? Ni jambo gani litakalousimamisha? Na katika kila raundi, ni kitu gani kinachosogea kuelekea huko kusimama? Swali la tatu ndilo wanafunzi wengi hulisahau. Mwambie akuoneshe mstari wenyewe kwa kidole. Akibabaika, bado kazi haijawa tayari.

Swali la pili nalo lina mtego wake. Badala ya kuandika "chini ya 6", watoto wengi huandika "6 au chini yake", kwa sababu vituo ni sita na sikio linaona ndivyo isemwavyo. Programu itataja vituo vyote sita vizuri, halafu itatafuta kituo katika nafasi ya 6, ambayo haipo, na Java itaikatisha kwa kutoa taarifa ya kosa. Ni kosa la moja tu, na ni kongwe kuliko kompyuta. Muulize mtoto yeyote: kati ya vituo sita kuna safari ngapi za kutoka kituo hadi kituo? Wengi watajibu sita. Ni tano. Hesabu ya vigingi na hesabu ya nafasi kati ya vigingi hazilingani, na anayezichanganya hulipia nauli ya safari isiyokuwepo.

Kuna tofauti nyingine ambayo historia ya Tabora inaifundisha vizuri kuliko vitabu vingi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mnamo Novemba, na Ujiji Februari 1858. Stanley alipopita hapa mwaka 1871, vita vya Mirambo vilikuwa vimeiziba njia ya Ujiji, ikamlazimu kukaa Kwihara kwa majuma mengi na hatimaye kuzunguka upande wa kusini. Mkuu wa msafara alijua atasimama wapi, hakujua baada ya siku ngapi. Mzunguko wa namna hiyo ndio hasa wa "maadamu". Lakini jioni, kwenye kugawa posho, hali ilikuwa nyingine. Orodha ya wapagazi ipo, kila mmoja apewe kibaba chake cha nafaka, na wa mwisho akishapewa kazi imekwisha. Hapo idadi inajulikana kabla ya kuanza, na kwa kazi hiyo Java ina neno for, ambalo hukusanya mwanzo, mwisho na hatua katika mstari mmoja. Namshauri mwanao atumie for kwa orodha ya wanafunzi, kwa sababu moja tu: mambo yote matatu yakiwa mahali pamoja, ni vigumu zaidi kusahau mojawapo.

Aina ya "maadamu" huhitaji ulinzi. Sisi sote tunao mfano wake katika Ramadhani. Hatujui tangu mwanzo kama mwezi utakuwa wa siku 29 au 30. Tunafunga mpaka mwezi uandame, lakini hata ukifichwa na mawingu tunatimiza 30 na hatuendelei mbele ya hapo. Sharti ni mawili, la kuonekana na la ukomo. Mzunguko unaosubiri jambo ambalo huenda lisitokee, kama vile mtumiaji kuandika jibu sahihi, nao uwekewe siku yake ya thelathini.

Na asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya wanafunzi peke yao. Tarehe 31 Desemba 2008, vifaa vya kusikilizia sauti vya kampuni ya Microsoft viitwavyo Zune, vile vya toleo la kwanza, viliganda siku moja vyote. Ndani yake kulikuwa na mzunguko wa kutafuta mwaka: maadamu siku zilizobaki zinazidi 365, toa siku za mwaka mmoja na uende mwaka unaofuata. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, na siku yake ya mwisho ilikuwa ya 366. Mzunguko uliona 366 inazidi 365, kwa hiyo ukaingia ndani. Mle ndani ukakuta sharti jingine, kwamba mwaka mrefu utolewe tu ikiwa siku zinazidi 366. Hazikuzidi. Hakuna kilichotolewa, ukarudi juu, ukaona tena 366 inazidi 365. Wenye vifaa waliambiwa wasubiri siku ipite na betri iishe. Swali la tatu lingeliokoa jambo zima: katika siku ile moja, hakuna kilichosogea.

Nije sasa kwenye fedha. Wiki mbili zilizopita katika safu hii tulizungumza kuhusu aina, yaani desturi ya Java ya kudai kila chombo kitajwe kitabeba nini: int kwa namba kamili, double kwa namba yenye desimali, String kwa maandishi. Karani wa msafara alilijua jambo hili. Nguo zilihesabiwa kwa doti, pembe kwa frasila, nafaka kwa kibaba na pishi. Doti tatu na frasila tatu hazifanyi sita ya kitu chochote, na karani aliyezijumlisha angefukuzwa. (Dhuluma kubwa ya njia ile inaweza kutajwa kwa lugha hiyo hiyo: binadamu aliandikwa katika safu ya mali, na madaftari yakaonekana kuwa sawa.) Java, kabla haijaiendesha programu, huipitia yote, na ikikuta maandishi yametiwa katika chombo cha namba, hukataa. Wapo wasemao lugha zisizodai aina ni nyepesi zaidi kwa mtoto. Ni nyepesi siku ya kwanza. Mimi huona afadhali mtoto akataliwe mapema na mashine akiwa peke yake, kuliko kuumbuka baadaye mbele ya wazazi waliolipa ada.

Mzunguko wa kujumlisha ada unafanana na ule wa vituo. Tuseme wanafunzi ni 80, na ada zao zimo katika orodha iitwayo ada. Hapa nauandika kwa while ili msomaji aufananishe na ule wa kwanza:

int jumla = 0;
int nafasi = 0;
while (nafasi < 80) {
    jumla = jumla + ada[nafasi];
    nafasi = nafasi + 1;
}

Angalia mahali pa mstari wa kwanza. Jumla inatiwa sifuri mara moja, nje ya mzunguko. Kijana akiitia jumla sifuri tena ndani ya mabano ya mawimbi, kila raundi itafuta kilichokusanywa na kuanza upya, na mwishoni jumla itakuwa ni ada ya mwanafunzi wa themanini peke yake. Java haitalalamika, kwa kuwa aina zote ni sahihi. Programu itasimama kwa wakati wake na kutoa namba yenye sura ya heshima kabisa, nayo ni uongo. Aina hukulinda usichanganye doti na frasila, lakini haikulindi ukihesabu doti vibaya. Kwa jicho langu, hili ni hatari kuliko ile Bagamoyo isiyokoma, kwa sababu simu iliyoganda kila mtu anaiona.

Ada zenyewe zihifadhiwe kama namba kamili ya shilingi. Kijana atashawishika kutumia double kwa kudhani desimali ndiyo umakini. Mwombe aiagize Java ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa aina hiyo, aone jibu: 0.30000000000000004. Si kwamba mashine ina wazimu. Inahifadhi desimali kwa namba za mbili-mbili, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namna hiyo, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu. Kwa kupima joto si neno. Kwa fedha za watu, vijisehemu hivyo vikirundikana katika mzunguko wa maelfu ya raundi, daftari halitafunga.

Namba kamili nayo ina ukuta wake. Chombo cha int hakibebi zaidi ya 2,147,483,647. Kwa madrasa ya mtaani ukuta huo uko mbali. Lakini vijana hukua, na hesabu hukua nao. Tuchukue mfano wa kubuni: taasisi inakusanya shilingi milioni 15 kwa kila hujaji. Hujaji wa 143 akiisha kuhesabiwa, jumla ni 2,145,000,000, nayo inaenea. Akija wa 144, jumla ilipaswa kuwa 2,160,000,000. Java haitasimama, haitaonya. Itaandika -2,134,967,296. Hujaji mmoja ameongezeka na taasisi imekuwa na deni la zaidi ya bilioni mbili. Tiba yake ni neno moja, kuandika long mahali pa int, aina ambayo ukuta wake una tarakimu kumi na tisa. Ni tiba ya sekunde chache kwa aliyeifikiria kabla, ndiyo maana naiandika hapa kwa kijana ambaye bado haihitaji.

Mzazi asiyejua kusoma programu anaweza kumfundisha mtoto haya kwa vitu vya nyumbani. Walio na bao wanalo somo kamili. Mchezaji huchukua kete za shimo moja na kuzitawanya moja moja maadamu mkononi zimebaki. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzichukua na kutawanya tena. Ikiangukia shimo tupu, analala. Huo ni mzunguko ndani ya mzunguko, na masharti yake ya kusimama ni mawili tofauti: mkono kuwa mtupu, na shimo kuwa tupu. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini amelala amekwisha kuelewa jambo ambalo wanafunzi wa chuo hulitolea jasho. Wala si ajabu kwetu sisi. Neno ambalo Wazungu wanalitumia kwa taratibu za hatua kwa hatua kama hizi limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika vitabu vyake vya hesabu Baghdad katika karne ya tisa.

Sasa, je, ustadhi aipokee programu? Aipokee, lakini asilitupe daftari. Kwa miezi miwili ya kwanza ada ziandikwe kote kuwili, na kila Ijumaa jumla mbili zilinganishwe. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, kijana aitafute hiyo shilingi mpaka aione, kwa kuwa kosa la shilingi moja na kosa la milioni mara nyingi hutoka katika mstari ule ule.

Kabla ya hapo, mama, mkalishe jioni moja na umpe kazi tatu. Aiendeshe programu kwa wanafunzi watatu ambao wewe mwenyewe umejumlisha ada zao kwa kalamu. Kisha aiendeshe kwa mwanafunzi mmoja. Mwisho aiendeshe kwa darasa lisilo na mwanafunzi hata mmoja, kama darasa jipya linavyokuwa siku moja kabla ya kufunguliwa. Hapo ndipo utakapoona mengi. Ikiwa idadi 80 ameiandika kwa mkono badala ya kuiuliza orodha ina urefu gani, programu itakatika. Na ikiwa ameongeza hesabu ya wastani wa ada kwa kila mwanafunzi, Java itakataa kugawanya namba kamili kwa sifuri na itaikatisha programu papo hapo. Atahitaji mstari mmoja juu ya hesabu hiyo, unaouliza kama darasa lina mtu. Usimwambie mstari huo ni upi. Mwache autafute, nawe uendelee na shughuli zako za jikoni.